Jezi zinaweza kungoja: asbl ya wanafunzi wachezaji hapa Lubumbashi

Mdogo wangu, umeuliza uanze na kipi, jezi, mashindano au karatasi za asbl (shirika lisilo la faida), kwa ajili ya wachezaji mpira wa sekondari moja yenye hali ngumu, mtaani Katuba. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa hapa mjini, nakujibu kwa niliyoyaona.

Anza na minervali, yaani karo, na chakula. Hapa Kongo shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari mzazi bado analipa, na wanaorudishwa nyumbani kwa deni mara nyingi ndio hao unaowategemea uwanjani. Kwa hiyo kabla ya kuita mazoezi, nenda kwa prefe (mkuu wa sekondari) pamoja na komite ya wazazi, mwangalie buletini za alama na madeni, mtoto kwa mtoto. Falanga ulizotenga kwa jezi zitabakiza darasani watoto ambao bila hivyo usingewaona tena hata kwenye mazoezi.

Halafu saa ya kusoma. Sisi tuliiweka kabla ya mazoezi kwa sababu jioni umeme hautabiriki, na mtoto akifika nyumbani amechoka, giza limeingia, daftari halifunguliwi tena. Shule ikiwa na zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, hutapata darasa tupu. Sisi tuliomba chumba parokiani. Tafuta mwalimu wa hesabu na wa Kifaransa, uwalipe hata kidogo lakini kwa wakati. Weka sufuria ya uji wa mahindi wenye karanga. Nakuambia kweli, uji ule uliwaleta watoto kuliko hotuba zetu zote. Na kanuni yetu ilikuwa moja: asiyesoma katikati ya wiki hachezi Jumamosi, hata kama ndiye mfungaji wenu. Kocha atakasirika, baadhi ya baba pia. Shikilia hapo hapo.

Wasichana wanahitaji mpango wao. Mama wengi niliozungumza nao hawakukataa mpira, walikataa binti kurudi usiku. Mazoezi yaishe jua likiwa bado juu, mama mmoja wa komite akae uwanjani, na sodo ziwemo katika sanduku la dawa. Timu ya wanawake ya TP Mazembe, klabu yetu ya hapa Lubumbashi, ilipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024, baba waliokuwa wagumu walianza wenyewe kuniuliza ratiba. Tumia nafasi hiyo.

Karatasi zifuate kazi ikishaonekana. Sheria ya asbl ni ile namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: katiba ya shirika inapita kwa notere (afisa anayethibitisha hati), maombi yanakwenda kwa Waziri wa Sheria, na unahitaji maoni mazuri ya wizara inayohusika na shughuli yenu. Mpaka hapo mnaweza kufanya kazi kama mradi wa komite ya wazazi, kwa barua iliyosainiwa na prefe. Mtunza hazina asiwe ndugu yako. Pesa zinazotumwa kwa simu zisiingie kwenye namba ya mtu mmoja bila daftari ambalo wazazi wanaweza kulisoma.

Watakuambia pia ukimbilie migodi kuomba msaada. Sheria ya madini (Code minier) ya 2018 inataka kampuni zitenge 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo, lakini ni kwa jamii zinazoguswa na mgodi wenyewe. Shule ya Katuba usiijengee bajeti juu ya hela hizo. Wanafunzi wa zamani wanaotoa kidogo kila mwezi wametufaa zaidi.

La mwisho linaniuma. Timu ikianza kushinda, watakuja watu wenye kuahidi Ulaya. FIFA inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache. Andikeni katika katiba kwamba asbl haiuzi wala haisaini mtoto yeyote, na mzazi asomewe kifungu hicho kwa Kiswahili siku anapomwandikisha mwanawe.