Maswali ya Wasomaji: Kadi ya SCSI haionekani kwenye emuleta

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kirumba hapa Mwanza. Marehemu mjomba alikuwa na kompyuta ya kupigia hesabu za dagaa, ya zamani sana, diski yake ni SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski) na kadi ya kuiunganisha ni Adaptec AHA-1542. Mashine imeshakufa ila diski niliwahi kuikopi yote ikawa faili moja. Sasa nimejiandikia emuleta ya PC (programu inayoiga kompyuta), DOS, mfumo endeshi wa zamani, inawaka fresh kwa diski ya kawaida, nikaongeza hiyo kadi, draiva ya ASPI4DOS (programu ya kuiwezesha DOS kuongea na kadi) ikasema haioni kitu. Nikarekebisharekebisha ikaiona, ila ikianza kutafuta diski inaganda. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kumpoteza mjomba. Kabla ya yote hiyo faili iweke kopi nyingine kwenye flashi na usiiguse tena, majaribio fanyia kopi, maana emuleta yenye kosa ikiandika ovyo hesabu za mzee ndo basi tena.

Tuje kwenye kadi. Draiva inaanza kubisha hodi kwenye porti (mlango wa kuongea na kadi) 330 heksa (namba za msingi wa 16), inairiseti kadi halafu inasoma hali yake, na kadi nzima inatakiwa ijibu 30 heksa, yaani biti mbili zimewaka, moja inasema niko bure na nyingine inasema sijapewa visanduku vya barua, yaani sehemu za memori za kuachiana ujumbe. Ukirudisha FF draiva inajua hapo hamna mtu inaondoka zake. Naamini hii ndo uliyoirekebisha.

Kuganda sasa. Kadi hii haisubiri prosesa iisukumie bayti mojamoja, draiva inaandika oda kwenye memori, inaweka anwani yake kwenye kisanduku, inabisha, kadi inakwenda kuchukua yenyewe, kama mchuuzi anavyoambiwa tu mzigo uko upande gani pale sokoni Mwaloni akaufuate. Hiyo anwani ina bayti 3 na bayti KUBWA ndo inatangulia, kinyume na prosesa za Intel zinavyopanga. Ukiisoma kwa mpangilio wa Intel kadi inakwenda kuchukua oda mahali pasipo na kitu na draiva inasubiri jibu mpaka asubuhi. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kugusa kingine chochote. Na kwa kuwa bayti 3 zinafika MB 16 tu, mashine usiipe memori zaidi ya hiyo kwa sasa.

Pa pili: namba za vifaa ni 0 mpaka 7, kadi yenyewe inakaa 7, kwahiyo draiva inaita 0 mpaka 6 moja baada ya nyingine. Namba isiyo na diski usinyamaze, rudisha 11 heksa, maana yake nimeita hakuna aliyeitika, halafu piga intarapti (ishara ya kuishtua prosesa), kawaida ni laini ya IRQ 11, draiva iendelee na namba inayofuata.

Ukifika kwenye diski yenyewe angalia amri ya 25 heksa ya kuuliza ukubwa, inataka namba ya sekta (kipande kidogo cha diski) ya MWISHO sio idadi ya sekta, watu wengi wanapitiliza kwa moja hapo.

Emuleta ya 86Box inayo kadi hii tayari na kodi zake ziko wazi, soma uone walivyofanya. Halafu weka logi (kumbukumbu ya matukio) kila porti 330 mpaka 332 ikiguswa, uniandikie imeishia amri ipi.