Unga mweupe kwenye mabomba ya kinanda

SWALI: Kanisani kwetu kuna kinanda cha mabomba cha zamani. Mabomba kadhaa ya madini ya risasi yameota unga mweupe miguuni (sehemu ya chini ya bomba), na mawili hayalii tena. Tumeshauriwa tuyasugue kwa siki. Je, ni sawa?

JIBU: La, siki isiyakaribie kabisa. Unga huo kwa kawaida ni kabonati ya risasi, na asidi iliyomo kwenye siki ndiyo hiyo hiyo inayoyala mabomba yenu. Asidi hiyo hutoka kwenye mbao. Mwaloni, hasa ukiwa mpya, hutoa mvuke wa asidi hiyo kwa miaka mingi, na gundi nyeupe ya seremala huuongeza. Mvuke hujikusanya ndani ya sanduku la upepo, yaani sanduku la mbao ambalo mabomba husimama juu yake, halafu upepo unausukuma hadi mguuni mwa bomba. Kwa hiyo bomba huliwa kwanza kwa ndani. Mkiuona unga nje, huenda ukuta umekwisha kutoboka na upepo unavuja. Hali hii imechunguzwa kwa kina kwenye kinanda cha kale cha fundi Stellwagen katika kanisa la St. Jakobi, Lübeck, Ujerumani.

Unga huo ni sumu. Vaeni glavu na barakoa, msiupulize wala kuufagia ukiwa mkavu.

Kabla ya kutengeneza chochote, andikeni. Pigeni picha kila bomba, kisha pimeni kwa kalipa (kifaa cha vipimo vidogo) urefu, kipenyo, upana wa mdomo (mpasuko unaotoa sauti), kimo cha uwazi wake na tundu la mguu. Nakilini herufi za noti zilizochorwa kwenye risasi jinsi zilivyo, msizisahihishe: kwa mafundi wa Kijerumani, B ni noti ya "si" iliyoshushwa nusu sauti ("si bemoli"), na H ni noti ya "si" ya kawaida. Herufi isiyolingana na mahali bomba liliposimama huonyesha kwamba lilihamishwa, na hilo ni jambo kubwa kwa mtafiti.

Kisha tafuteni chanzo: ubao gani wa mwaloni uliwekwa karibuni, gundi gani ilitumika? Bomba likitengenezwa na chanzo kikaachwa, litaliwa upya. Gundi ya wanyama na mbao za msonobari ni salama zaidi.

Fundi wa mabomba akate sehemu iliyooza tu, aunge kipande cha mchanganyiko ule ule wa risasi na bati. Mdomo asiuguse, kwani sauti ya bomba imo humo. Kipande kilichokatwa kifungwe, kiandikwe namba ya bomba, kihifadhiwe.