Alistaafu admirali, pensheni ya kapteni?

SWALI: Nimesoma habari za ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, vita vya pili vya dunia kapigana akiwa kapteni, akapewa na nishani ya Navy Cross, kastaafu 1956 akiwa kapteni bado, alafu kaburini kwake wameandika Rea Admirali. Alipanda lini? Na pensheni alilipwa ya cheo kipi?

JIBU: Inaonekana alipanda siku ileile anastaafu ndugu yangu, na hela ikabaki ya kapteni. Kwanza kapteni wa majini sio yule kapteni wa nchi kavu, huyu analingana na kanali, kwahiyo juu yake ni uadmirali moja kwa moja, ndo maana walikuwa wanautaka sana.

Sheria ya 1925 iliruhusu ofisa aliyesifiwa rasmi kwa kazi yake kwenye mapigano yenyewe, sio ya mezani, aongezwe cheo kimoja akistaafu. 1942 wakaifungua mpaka juu, hata admirali mwenye nyota tatu (nyota ndo alama za vyeo vya uadmirali) akaweza kuondoka na nne. Ila pensheni haikuguswa, ilikuwa asilimia 2.5 ya mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho 75, yaani mwenye miaka 30 anavuta robo tatu, na ni robo tatu ya mshahara wa kapteni hata kama barua zake zinaandikwa admirali. Wenyewe walikiita cheo cha jiwe la kaburi, utani mkali kweli ila kwa huyo wako umetimia kama ulivyo! Tena hata huko ustaafuni, aliyeuvaa uadmirali akiwa kazini anamtangulia kwa ukubwa huyu aliyeupata siku ya kustaafu.

Usimchanganye na wale maadmirali wa nyota tano, Leahy, King, Nimitz na Halsey, hao sheria ya 1946 iliwapa mshahara kamili maisha yao yote.

Baadae wakabana, sifa ziwe za kabla ya 1947 tu, na tarehe 1 Novemba 1959 wakafuta kabisa. Maofisa wakubwa walikuwa wamejaa kupita kiasi, sasa ukimwambia mtu baada ya tarehe fulani nyota hupati, si anaomba kustaafu mapema mwenyewe? Mimi naona ulikuwa ujanja mzuri, watu wanapungua bila kufukuzwa.

Ukikuta mwingine wa miaka hiyo angalia tarehe aliyopata cheo, ikiangukia siku ya kustaafu na ana sifa za vitani, ujue ndo hao hao.