Kabla hujaongeza sifuri, hesabu tarakimu

Mwaka wangu wa kwanza wa kutunza hesabu kwenye duka la vipuri mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nusura niiombe benki itume fedha mara kumi ya deni. Profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, ilitoka Rajkot, kule Gujarat, India, ambako mzee wangu wa kazi alikuwa akiagiza beringi na pampu. Kwa kawaida zilikuja kwa dola. Hii ilikuja kwa rupia, kwa kuwa ndugu yake aliyeko kule ndiye aliyemlipia mzigo kwanza. Chini kabisa, kwenye jumla, paliandikwa 12,50,000.

Nikaitazama. Mkato, tarakimu mbili, mkato tena. Nikajisemea, hawa wamesahau sifuri, hiyo hamsini lazima ilikuwa mia tano. Nikairekebisha kwa moyo mweupe kabisa ikawa 12,500,000, nikaandaa barua ya benki, nikampelekea mzee asaini. Akasoma, akashusha miwani puani. "Binti, mimi naagiza beringi. Sinunui kiwanda." Halafu akachukua ile profoma akaisoma kwa sauti: laki kumi na mbili na nusu.

Wahindi hawagawi namba tatu tatu kama tulivyofundishwa sisi. Wanatenga tatu za mwisho kulia, kisha wanakwenda mbili mbili. Kwao ngazi inayofuata baada ya elfu ni laki, na laki mia moja zinafanya krore, ambayo kwetu ni milioni kumi. Wao wanaiandika 1,00,00,000. Milioni haina chumba chake kwenye nyumba hiyo. Cha ajabu ni kwamba nusu ya mfumo huo tunao mdomoni kila siku: neno laki ni la kwao, lilivuka bahari pamoja na biashara, tukalipokea. Krore haikushuka melini. Ndiyo maana laki zetu zinaishia tisa, ya kumi tunahamia milioni, wakati wao wanaendelea tu hadi laki tisini na tisa. Ukimwambia mtu wa Dar "laki arobaini" atadhani ulimi umekuteleza.

Kwa hiyo ukikutana na namba ya namna hiyo, futa mikato yote kichwani. Mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, hauna thamani yoyote. Hesabu tarakimu kuanzia kulia: zikiwa sita uko kwenye laki, saba ni milioni, nane ni makumi ya milioni, kumi ni bilioni. 1250000 zipo saba, basi ni milioni moja na robo, bila ubishi. Mimi natia kinukta cha penseli chini ya kila tarakimu ya tatu, hata leo, hata bosi akiwa amesimama mgongoni ananiharakisha. Na mkato ulioukuta kwenye karatasi ya mtu usiuguse kabla hujamuuliza.

Nukta nayo ina visa vyake. Mteja wetu wa Bujumbura aliwahi kuleta orodha ya bei, nikaiingiza kwenye Excel, nikashangaa pampu nzima inauzwa faranga 2.5. Yeye alikuwa ameandika 2.500, yaani elfu mbili na mia tano. Waliosoma kwa Kifaransa, sehemu za desimali wanazitenga kwa mkato. Maelfu wanayatenga kwa nafasi tupu au kwa nukta. Kompyuta yangu ilikuwa kinyume chake, ikaona sifuri mbili za mwisho hazina kazi ikazitupa. Siku hizi faili ikitoka Burundi au Kongo naangalia kwanza mpangilio wa nukta na mkato, ndipo nafungua kazi. Vilevile wakisema miliari, ujue ni bilioni yetu. Neno lao la Kifaransa linalofanana na bilioni ni milioni mara milioni, sifuri kumi na mbili, kwa hiyo usilitafsiri kwa kulitazama sura.

Wanaokwenda Guangzhou, China, wananiambia kule kuna wan, ambayo ni elfu kumi, na hesabu kubwa zinapandia hapo: wan kumi na tano ni 150,000. Lakini dukani wanasukumiana kalkuleta juu ya kaunta, wala hakuna anayekosea.

Nisiwasingizie wageni tu, maana Kiswahili chetu chenyewe kina mtego mbaya kuliko yote hiyo. Elfu ishirini na tano ni ngapi? Utasema 25,000. Sasa 20,005 utaitajaje? Sokoni haisumbui, kwa sababu hakuna anayeuza kitu kwa bei hiyo, na tunajuana. Mtu akikwambia "milioni mbili na mia tatu" hujiulizi kama ni shilingi mia tatu; unajua ni 2,300,000. Karatasi ndiyo haijui. Mteja mmoja alituandikia hundi, kwa tarakimu 120,000, kwa maneno "Shilingi laki moja na ishirini tu". Ikarudi. Nilikasirika sana, nikaenda nikabishana dirishani, mpaka karani akanisomea taratibu: laki moja, na ishirini. Shilingi mia moja elfu na ishirini. Nilirudi dukani kimya.

Tangu hapo, kwenye hundi, mkataba au risiti, kila kipande nakipa jina lake. Laki moja na elfu ishirini. Milioni mbili na laki tatu. Na vikibaki vidogo mwishoni naandika shilingi mbele yake: elfu ishirini na shilingi tano. Inachosha mkono, hasa siku ya mishahara, na vijana wa dukani wananicheka kwamba naandika kama hakimu. Kwenye simu nami nasema laki na ishirini kama watu wote.

Mzee mpaka leo kwenye daftari lake la mkono anaandika 1,50,000. Jioni nikiingiza kwenye kompyuta nahamisha mkato. Sifuri zake sizigusi.