Fizikia ya kidato cha pili kwa bando dogo

Dada, umeuliza kijana wako wa kidato cha pili ajisomee wapi mtandaoni bila kumaliza bando. Anza na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vimo, bure. Shule Direct nako kuna notsi na maswali.

Ila hazina yenyewe, na wengi wanaipita, ni tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Watu huingia kutazama matokeo tu, wakatoka. Humo kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa: swali moja moja, walikosea wapi na kwa nini, mpaka picha za majibu ya mkono, zuri na bovu. Wangu alilikuta kosa lake humohumo, kusahau kubadili sentimita kuwa mita! Ni PDF, unapakua mara moja basi.

Kwa saketi za umeme, mpe PhET, majaribio ya kuigiza mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini. Akipiga shoti, betri inawaka moto. Ikishafunguka haili bando tena.

Wikipedia sawa, lakini asinakili. Walimu wanaijua harufu yake.