Hakuna asilimia ya kupita

SWALI: Shikamoo mwalimu. Makala niliyoitoa kwenye tasnifu yangu ya uzamili imerudishwa na jarida kwa kuwa ufanano ni asilimia 31. Kuna kijana wa steshenari anasema ataishusha hadi chini ya 10 kwa hela kidogo. Majarida yanakubali asilimia ngapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Asilimia moja inayokubalika na majarida yote haipo, na huyo kijana usimpe hata shilingi.

Majarida mengi hutumia Similarity Check, huduma ya kupima ufanano ya Crossref, shirika la wachapishaji wa kitaaluma, iliyoanza 2008 kwa jina la CrossCheck. Inayofanya kazi ndani yake ni iThenticate, programu ya kampuni ya Turnitin. Programu hiyo haijui wizi ni nini. Inalinganisha mfuatano wa maneno yako na maandishi yaliyomo kwenye hazina yake, kisha inapaka rangi palipofanana, basi. Mwenye kuamua ni mhariri, naye akiijua kazi yake haishii kwenye ile namba ya juu. Huchuja marejeleo, nukuu zenye alama na vipande vya maneno machache, halafu hufungua chanzo kimoja kimoja. Asilimia 31 iliyotawanyika, moja hapa, nusu pale, aghalabu ni majina ya taasisi na misemo ya fani. Asilimia 9 kutoka chanzo kimoja, aya mbili nzima za mjadala, hiyo ndiyo inayokuponza. Sehemu ya mbinu huvumiliwa kidogo, maana utaratibu wa maabara hauelezeki kwa namna mia.

Kwako nashuku tasnifu yenyewe, kama chuo kimeiweka mtandaoni. Omba ripoti, tazama chanzo namba 1. Ikiwa ndiyo tasnifu yako, soma sera ya jarida, kisha mwandikie mhariri na utamke ndani ya makala kwamba imetokana na tasnifu, wengi hukubali. Ikiwa ni kazi ya mtu mwingine, funga chanzo, andika ulichokielewa, ndipo umtaje. Kumtaja huku maneno ni yake yaleyale, bila alama za nukuu, hakukuokoi.

Sasa hawa "washushaji". Mmoja hubadilisha herufi a na e kwa herufi za Kisirili, zile za Kirusi, zinazofanana nazo kwa macho. Ukitaka kumnasa, tafuta neno "data" ndani ya faili: unaliona kwenye ukurasa, kompyuta inasema halipo. Mwingine huzungushia maandishi alama za nukuu za rangi nyeupe zisizoonekana, ili programu iyahesabu kama nukuu. Turnitin huzibandikia bendera hila zote mbili, na hapo hoja ya bahati mbaya imekufa. Wa tatu hupitisha makala kwenye programu ya visawe. Watafiti Cabanac, Labbé na Magazinov waliyaanika matokeo yake: makala za Kiingereza ambamo "breast cancer", saratani ya matiti, imegeuzwa "bosom peril". Mhakiki wa fani hiyo ataikamata hata bila programu.

Na kabla ya hayo yote, wengi wao huipakia kazi yako Turnitin kwa akaunti ya darasa la mtu. Ikihifadhiwa humo, siku chuo chako kitakapoipima itafanana na yenyewe karibu asilimia 100, na wewe ndiye utakayeulizwa nani aliiwasilisha kwanza. Hila ikigundulika baada ya kuchapishwa ni balaa zaidi: makala hufutwa rasmi, tangazo likabaki mtandaoni na jina lako, na mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, unamruhusu mhariri kuiandikia taasisi yako.