Umekatwa tumbo, ubavu ndio unaowaka

Kwenye makundi yetu ya WhatsApp, upasuaji wa urembo tunauongelea kwa bei: nani kaenda Istanbul, nani India, nani kafanyia hapahapa Dar, na kalipa ngapi. Kuhusu mkanda wa jeshi sijaona mtu akiuliza. Mimi ulinipata nikiwa bado na nyuzi, baada ya kuondolewa ngozi ya tumbo iliyokuwa imelegea kwa uzazi. Shoga yangu, yasome haya kabla hujasaini fomu.

Ukishaugua tetekuwanga, vipele hukauka lakini kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, na kinaweza kukaa humo miaka na miaka bila kukusumbua. Kinga ikilegea kwa sababu ya umri, VVU, saratani, dawa za steroidi au mwili kuelemewa, kinaamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, na huo ndio mkanda wa jeshi. Upasuaji nao unauelemea mwili, hata kama umeutaka mwenyewe na kuulipia. Kwa hiyo usimlaumu daktari kwamba amekuambukiza, kirusi ulikwenda nacho. Wengi wanaopasuliwa hawapatwi na lolote, ila madaktari wameandika kuhusu wagonjwa waliopata mkanda wa jeshi baada ya kuvutwa ngozi ya uso, kuongezwa matiti, hata baada ya kupigwa leza usoni.

Tatizo ni kwamba ukishapasuliwa, kila maumivu yanasingiziwa kidonda. Mimi nilianza kuwaka upande wa kushoto, chini ya titi kuelekea mgongoni, kama napitishiwa pasi ya moto. Ngozi haikuwa na alama yoyote, lakini khanga ikigusa tu nashtuka. Kliniki walinijibu kwamba ndivyo watu wanavyopona. Vipele vilipochomoza nikawatumia picha, wakasema ni mzio wa plasta na lile vazi la kubana tumbo, ninunue setirizini.

Aliyenitoa gizani ni shangazi yangu, muuguzi mstaafu, alipokuja kuniona. Alinigeuza taratibu, akavaa miwani.

"Mwanangu, huku mgongoni ulikatwa?"

"Hapana, shangazi. Nimekatwa chini, usawa wa chupi."

"Plasta ilifika huku?"

"Haikufika."

"Na hilo vazi limekubana pande zote, mbona kulia huna hata kipele kimoja? Huu ni mkanda wa jeshi. Vaa, twende hospitali."

Maswali yake yanakutosha hata ukiwa peke yako kitandani. Maumivu yako mahali ambapo kisu hakikufika? Yako upande mmoja tu? Yanawaka au kuchomachoma, kisha vinafuata vipele vyenye maji vilivyojipanga kama ukanda? Usisubiri siku ya kutolewa nyuzi. Dawa za kukizuia kirusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kwa kawaida mtu mzima huandikiwa asikloviri miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7, au valasikloviri miligramu 1000 mara 3 kwa siku, kwa siku hizohizo 7. Mwenye shida ya figo hupunguziwa dozi, ndiyo maana sikushauri ujinunulie dirishani. Antibiotiki hazikiui kirusi hiki, na majivu na dawa ya mswaki, ambazo majirani hawakosi kukuletea, zitakuchafulia ngozi tu.

Vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, hiyo ni dharura, nenda siku hiyohiyo kwa daktari wa macho. Hapo mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Sasa lile tusilolisema. Upasuaji wenyewe wengi wetu tunauficha, hata mawifi hawajui. Halafu mkanda wa jeshi mtaani una sifa yake: ukionekana nao, watu wananong'ona kwamba una ngoma. Siri mbili zikikutana, mtu anajifungia ndani mpaka saa 72 zinapita. Ni kweli kwamba daktari anaweza kukushauri upime VVU, na kwangu ulikuwa ushauri mzuri, nilipima. Lakini ugonjwa huu huwapata pia wengi wasio na VVU, hasa kuanzia miaka 50. Na ile habari kwamba ncha za mkanda zikikutana unakufa haina ukweli. Cha kuogopa ni maumivu ya mshipa yanayoweza kubaki miezi, hata zaidi, vipele vikiwa vimeshapona. Panadol huyagusa kidogo sana. Daktari ana dawa za aina nyingine, kama amitriptilini au gabapentini, muulize.

Kabla ya upasuaji, mwambie daktari kama uliwahi kuugua mkanda wa jeshi, na dawa zote unazotumia. Kama ni leza au kuchubua ngozi ya uso kwa dawa, mwambie pia kama hutokwa na vipele vya homa mdomoni. Hivyo ni vya kirusi kingine cha ukoo huohuo, na madaktari wengi hutanguliza dawa ya kukizuia. Kwa mlioko Marekani, chanjo ya kuzuia mkanda wa jeshi, Shingrix, iliidhinishwa mwaka 2017 kwa wenye miaka 50 na kuendelea, dozi mbili zikipishana miezi 2 hadi 6. Zungumzeni na daktari mapema, maana chanjo hiyo inaweza kukuletea homa na uchovu wa siku mbili tatu, na hutaki homa ya chanjo ichanganywe na homa ya kidonda.

Na wageni wanaokuja kukupa pole: mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, mtoto mchanga, au mwenye kinga dhaifu, mwombe asubiri mpaka vipele vikauke na kufanya magaga. Maji ya vile vipele hayamwambukizi mtu mkanda wa jeshi, lakini yanaweza kumpa tetekuwanga.